Sakafu ya mbao yenye uvungu: joto likishatoka kwenye bomba, linakwenda wapi?

*"Shikamoo fundi. Tunaishi Leeds, katika nyumba ya safu iliyojengwa miaka ya 1890. Sebule yetu ina sakafu ya mbao iliyo juu ya uvungu kama sentimita 50. Chumba ni mita 4 kwa 4.5, ukuta mmoja tu ndio unaotazama nje, na dirisha lina vioo viwili. Redieta iko chini ya dirisha, lakini miguu inaganda kuanzia Oktoba hadi Aprili. Sisi bado tunakula chini, tunatandika mkeka, na mama mkwe wangu aliyekuja kutoka Tanga anakaa chini muda mwingi. Fundi mmoja amesema atang'oa mbao, apitishe mabomba ya maji moto katikati ya boriti, arudishe mbao, kazi ya siku tatu. Anasema insulesheni, yaani tabaka la kuzuia joto lisipotee, haina haja kwa sababu joto hupanda juu, na kwamba ataziba yale matofali ya matundu ya nje maana ndiyo yanayoingiza baridi. Jirani anasema mbao na joto haviendani, zitapinda zote. Mwingine anatuambia tumwage zege tuachane na mbao. Nifuate lipi? Na tukishaweka joto la chini, tuiondoe redieta?"*

Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama mkwe salamu zangu, na mwambie asione haya kuvaa soksi mbili.

Swali lako lina maswali manne ndani yake, na karibu yote yanaamuliwa na jambo moja: joto likishatoka kwenye bomba, linakwenda wapi? Ukilishika hilo utaweza kumhoji fundi yeyote atakayekuja mlangoni. Jibu fupi ni kwamba mabomba ya maji moto yanaweza kuwekwa chini ya sakafu ya mbao yenye uvungu, na mbao zenu hazitaharibika yakiwekwa inavyotakiwa. Ila kwa namna alivyoieleza huyo fundi, tafadhali msikubali. Mtalipia gesi ya kupasha moto udongo ulio chini ya nyumba, na baada ya miaka michache mnaweza kujikuta mkibadilisha boriti zilizooza.

Kwanza tujue mnakanyaga nini. Nyumba za umri wa yenu kwa kawaida zina boriti za mbao zilizolala kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja ikiwa na kina cha milimita 100 hivi na unene wa milimita 50, zikiachana sentimita 40 kutoka kati hadi kati. Katikati ya chumba huwa zimeegemea vikuta vifupi vya matofali vilivyojengwa kwa kuacha matundu ili hewa ipite. Juu yake ndipo zilipopigiliwa mbao za sakafu, za msonobari, unene wa milimita 20 na ushei. Mama mkwe ataelewa haraka, kwani nyumba za zamani za mwambao zilijengwa kwa wazo lilo hilo: boriti za mikoko zikipangwa kwa nafasi, na upana wa chumba ukifuata urefu wa boriti. Tofauti ni kwamba boriti zile zilibeba mawe na chokaa, na chini yake palikuwa na chumba cha watu. Chini ya boriti zenu kuna giza, udongo na upepo.

Upepo huo ndio unaowagandisha miguu. Hewa ya nje inaingia kwa matofali ya matundu, inazunguka uvunguni, halafu inapenya katika nyufa za mbao na pembezoni, pale ubao wa chini wa ukuta unapokutana na sakafu. Na redieta yenu inausaidia bila kukusudia. Hewa iliyopashwa moto chini ya dirisha inapanda, inatorokea juu kwa ngazi na nyufa za vyumba vya ghorofani, na nafasi inayoiacha inajazwa na hewa ya baridi kutoka uvunguni. Mkiongeza moto kwenye redieta, mvuto nao unaongezeka. Kichwa kinatoka jasho, miguu imeganda.

Sasa hilo neno la "joto hupanda juu". Kinachopanda ni hewa ya moto, kwa sababu ni nyepesi. Joto lenyewe huelekea kokote penye baridi zaidi: juu, chini au kando. Wewe unalijua hili jikoni kuliko fundi wako. Ukipika wali wa nazi na maji yakakauka, unapalia: unaweka makaa juu ya kifuniko, na wali unakauka na kuiva kwa joto linaloshuka. Kama joto lingekuwa linapanda tu, makaa yale yangekuwa yanapasha moto dari ya jikoni.

Bomba lililolala katikati ya boriti liko katika hali hiyohiyo. Juu yake kuna ubao wa msonobari, ambao ni kizuizi kizuri cha joto. Chini yake kuna uvungu wenye hewa ya nyuzi 5 au 6 wakati wa Januari. Pasipo kizuizi upande wa chini, zaidi ya nusu ya joto mnalolipia linaweza kushukia huko. Ndiyo maana nasema insulesheni ndiyo kazi yenyewe, na mabomba ni nyongeza.

Kuna kasoro nyingine katika mpango wake, na hii huwaponyoka hata mafundi wazuri waliozoea sakafu za zege. Bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 16 likizungukwa na hewa haligusi ubao ila kwa mstari mwembamba. Katika zege hilo si tatizo, kwa kuwa zege linalikumbatia bomba pande zote na kulisambaza joto. Mbao haziwezi. Tia mwiko na kijiko cha bati katika sufuria moja inayochemka, na baada ya dakika mbili utaushika mwiko kwenye mpini bila shida, lakini kijiko utakitupa. Kwa hiyo kwenye sakafu ya mbao tunatumia mabamba membamba ya alumini yenye mfuo unaolishika bomba. Bamba linalichukua joto kutoka kwenye bomba, linalitandaza kwa upana, kisha linaukabidhi ubao uliolala juu yake moja kwa moja. Pasipo mabamba mtapata mistari ya vuguvugu kila baada ya hatua, na katikati yake baridi ileile. Muulize fundi wako swali moja: "Mabamba ya alumini yako wapi kwenye makadirio yako?" Jibu lake litakuonyesha kama amewahi kuifanya kazi hii.

Niseme kwa uzito kuhusu matofali ya matundu, maana hapa ndipo nyumba huumia. Yasizibwe, hata moja, hata kwa majira ya baridi tu. Unyevu unapanda kutoka kwenye udongo ulio uvunguni usiku na mchana, na upepo ule mnaouchukia ndio unaoutoa nje. Mkiuzuia, unyevu utatua kwenye mbao. Mbao zikivuka asilimia 20 hivi ya unyevu zinakuwa chakula cha kuvu, na iliyo mbaya kuliko zote hapa Uingereza ni Serpula lacrymans. Jina hilo la pili lina maana ya kulia machozi, kwa sababu kuvu hii hutoa matone ya maji. Hutuma nyuzi zake zikapita hata katika ukuta wa matofali kutafuta mbao nyingine upande wa pili, na katika nyumba za safu upande wa pili ni kwa jirani.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja, mbali kidogo na kwenu, ambako mtu alikuwa ameziba matundu yote kwa saruji na kujaza uvungu mzima pamba ya insulesheni hadi kwenye udongo. Wenyewe walifurahi msimu wa kwanza. Mimi niliitwa msimu wa nne kwa sababu ya "harufu ya uyoga". Nilichoma ncha ya boriti kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Sakafu yote ilitolewa, pamoja na ubao wa chini wa ukuta na sehemu ya plasta. Mwenye nyumba alikuwa na watoto wawili wadogo, na walilala kwa ndugu wiki sita. Kila ninapomsikia fundi akisema ataziba matundu, naikumbuka familia ile.

Upepo hauzuiwi ukutani, mwanangu. Unazuiwa kwenye sakafu yenyewe. Mnauacha uvungu upumue, mnatenganisha uvungu na chumba.

Namna ninavyofanya mimi ni hii. Mbao zikishang'olewa, tunatandaza wavu imara au utando unaopitisha mvuke, ukining'inia chini ya boriti kama chandarua kilichogeuzwa. Ndani yake tunajaza insulesheni ya pamba ya madini au nyuzi za mbao, ikibana vizuri boriti pande zote mbili bila kuacha pengo. Wapo wanaopendelea mabamba magumu ya povu, yale ya PIR, kwa sababu unene mdogo unazuia joto jingi. Ni kweli yanazuia, lakini boriti za miaka ya 1890 hazijanyooka, na kukata povu gumu lifuate kila mkunjo ni kazi ya uvumilivu ambayo wengi hawaimalizi. Pengo la kidole kimoja kila upande, na upepo unapita humo kama hakuna kitu. Pamba inasamehe makosa ya boriti, lakini inataka unene zaidi, milimita 150 hivi, kwa hiyo itashuka chini ya boriti kidogo, na kwa uvungu wa sentimita 50 mnayo nafasi. Juu ya insulesheni yanakaa mabamba ya alumini na mabomba, kisha mbao za sakafu. Viungo vyote na pembezoni mwa chumba vinazibwa kwa utepe maalumu ili hewa ya uvunguni isipate mlango. Hatua hii ya mwisho mafundi wengi huiruka kwa sababu haionekani kazi ikiisha.

Hapa ni lazima niwe mkweli hata kama naipunguzia kazi sekta yangu. Nimepiga hesabu ya haraka kwa vipimo ulivyonipa, nikichukua nje nyuzi 3 chini ya sifuri na ndani nyuzi 21. Kwa hali mliyo nayo sasa, sebule inapoteza kama wati 1,400. Mkiweka insulesheni tu na kuziba nyufa, bila bomba hata moja, inashuka kwenye wati 950 hivi. Karibu theluthi ya tatizo inaondoka, na sehemu iliyoondoka ndiyo ileile iliyokuwa ikipita miguuni. Zipo familia zilizoishia hapo, na redieta iliyokuwa haitoshi ikaanza kutosha. Kama fedha ni ya kubana, ishieni hapo bila kujuta.

Lakini kuna upande wa pili wa mizani. Kung'oa sakafu ya sebule ni adha, kuhamisha makochi, vumbi, mbao kadhaa kupasuka wakati zinang'olewa. Kama mna nia ya mabomba miaka mitatu ijayo, ni afadhali yaingie sasa wakati sakafu iko wazi, hata kama mtayaunganisha baadaye. Na kwa watu mnaokaa chini, joto la sakafu lina thamani ambayo hesabu ya wati haiionyeshi. Wakorea wamekuwa wakipasha moto sakafu zao kwa karne nyingi kwa sababu hiyohiyo: wanakula chini na kulala chini.

Je, mabomba yatatosha kupasha chumba peke yake? Mbao zenu za milimita 22 zina ukinzani wa joto kama 0.17, wakati mipango mingi ya joto la sakafu huchukua 0.15 kuwa kikomo cha kile kinacholazwa juu. Mko juu ya kikomo kidogo kabla hata ya kutandika chochote. Maji yakizunguka kwa nyuzi 42 hivi kwa wastani, na mabamba yakigusa mbao vizuri, tarajieni wati 60 kwa kila mita ya mraba. Ondoa eneo la makochi na kabati, tuseme mnabaki na mita 14 za mraba. Hiyo ni wati 840. Siku ya kawaida ya baridi zinatosha kabisa, lakini usiku wa theluji mtapungukiwa kidogo. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba redieta ibaki. Iwekeeni thamostati yake, iwake tu pale sakafu inapozidiwa.

Kuhusu mbao kupinda, jirani yako hajasema uongo, amechanganya sababu. Kinachopinda mbao ni mabadiliko ya unyevu. Joto huwa na lawama pale linapokausha mbao ghafla. Mbao za msonobari zilizokaa sebuleni zaidi ya miaka mia zimeshazoea chumba. Zitakazoleta shida ni mbao mpya zilizotoka ghalani jana na kupigiliwa leo. Kama mtanunua mpya, zikae ndani ya nyumba siku kadhaa kabla ya kupigiliwa, na mchague zile za matabaka, ambazo hutulia kuliko mbao za kipande kimoja kizima. Baada ya kazi joto lipandishwe polepole, nyuzi chache kila siku, lisifike juu siku ya kwanza. Uso wa sakafu ya mbao usizidi nyuzi 27. Kwa hesabu niliyokupa hapo juu, wenu utakuwa kwenye 26 hivi. Ukiweka kiganja hutasema pana moto, utasema hapana baridi.

Kuna njia nyingine ya mabomba ambayo huenda mkaletewa: vibao vyembamba vyenye mifuo, vya unene wa milimita 20 hivi, vinavyolazwa juu ya sakafu iliyopo bila kung'oa chochote. Ni safi na ya haraka, lakini inaacha uvungu ulivyo, inainua sakafu hata milango ikatwe, na ngazi yenu ya kwanza itakuwa fupi kuliko zenzake, jambo linaloangusha watu. Mimi huipendekeza pale tu ambapo insulesheni ya chini tayari ipo. Wengine hujaza mchanga na saruji kavu katikati ya boriti ili kuzunguka bomba. Hiyo hutunza joto vizuri, lakini tabaka la milimita 25 ni karibu kilo 50 kwa mita ya mraba, na boriti za milimita 100 zilizozeeka zisibebeshwe mzigo huo bila mhandisi wa majengo kuzipima. Sakafu yenu ikitikisika hadi vikombe vikalia mtoto anapokimbia, msifikirie njia hiyo kabisa.

Na zege? Kumwaga sakafu mpya ya zege yenye insulesheni chini yake hutoa joto bora kuliko njia zote nilizotaja. Shida ni nyumba yenyewe. Katika nyumba za safu hewa huingia mbele, ikapita chini ya sebule, ikaendelea chini ya chumba cha nyuma na kutokea uani. Mkiifanya sebule kuwa zege, mmeikata njia hiyo, na boriti za chumba cha nyuma zinabaki bila pumzi. Inawezekana kuzika mabomba ya kupitisha hewa ndani ya zege, na wajenzi waangalifu hufanya hivyo, lakini ni kazi kubwa ya kuchimba na kubeba kifusi kupitia mlango wa mbele. Kwa chumba kimoja sioni faida yake.

Kuhusu mikeka ya umeme ya kulaza chini ya sakafu, nitasema kidogo tu: ni rahisi kuiweka, na bafuni panapotumika nusu saa asubuhi inafaa. Sebuleni inapotakiwa kuwaka saa nyingi, kumbukeni kwamba uniti moja ya umeme hapa imekuwa ikigharimu takriban mara nne ya uniti ya gesi.

Turudi kwenye boriti, maana kuna kosa moja linalofanywa kwa msumeno ndani ya dakika tano na haliponi. Mabomba yanayolala kati ya boriti lazima yavuke kutoka nafasi moja kwenda nyingine, na fundi mwenye haraka hukata pengo juu ya kila boriti. Kanuni inayotumiwa hapa ni kwamba pengo la juu lisizidi sehemu moja ya nane ya kina cha boriti. Kwa boriti ya milimita 100 hiyo ni milimita 12.5. Bomba lenu ni la 16. Halienei! Anayekata hadi lienee amezidhoofisha boriti zote kwenye mstari mmoja. Tundu lililotobolewa katikati ya kina linaruhusiwa kufika robo, yaani milimita 25, na bomba linapita humo bila taabu, lakini nalo lina mahali pake: kuanzia robo hadi asilimia 40 ya urefu kati ya egemeo na egemeo. Njia nzuri zaidi ni kugeuzia mabomba kwenye nafasi iliyopo kati ya boriti ya mwisho na ukuta, au kupigilia vipande vya mbao juu ya boriti kwa kukingama na kulaza mabomba hapo. Hiyo ya pili inainua sakafu, kwa hiyo milango ipimwe kwanza.

Upande wa maji, chumba chenu ni kidogo. Mabomba yakiachana sentimita 20 mnahitaji kama mita 5 kwa kila mita ya mraba, jumla isiyofika mita 100, kwa hiyo mzunguko mmoja unatosha. Bomba liwe la kipande kimoja, bila kiungo chochote chini ya sakafu, na liwe na tabaka la kuzuia oksijeni ili vyuma vya boila visishike kutu. Boila mlilo nalo linaweza kuendelea, ila litahitaji vali ya kuchanganya maji, kwa sababu redieta za ghorofani huenda zinataka nyuzi 60 na sakafu inataka 40 na kitu. Anayeligusa boila lenyewe awe ameandikishwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, hilo halina mjadala. Mkipanga siku moja kuhamia pampu ya joto, mtambo wa umeme unaovuta joto kutoka nje, mabomba haya yatakuwa yamewatangulia, maana pampu hupenda maji ya vuguvugu.

Sasa mkeka. Mkeka wa ukindu ni mwepesi, hauzuii joto la maana, tandikeni na mle kwa raha. Busati nene au zulia lenye sponji chini ni jambo jingine: wati zile 60 zinaweza kushuka hadi 40 na kitu mahali palipofunikwa. Kama zulia kubwa ni la lazima, mwambie fundi mapema alihesabu. Na umenitajia mama mkwe lakini hukutaja afya yake. Kama ana kisukari na ganzi miguuni, zungumzeni na daktari wake kabla, kwa sababu mtu asiyehisi joto anaweza kukaa juu yake muda mrefu kuliko inavyofaa, hasa likifunikwa na godoro au mito.

Kabla hamjamlipa mtu yeyote, kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyaona. Tafuteni mtu ainue mbao mbili tatu, karibu na ukuta wa nje na karibu na bafu kama liko jirani, achome ncha za boriti na kupima unyevu kwa kifaa. Ikizidi asilimia 20, tafuteni chanzo cha maji kwanza: mfereji wa paa uliovunjika, udongo wa bustani uliopanda juu ya matofali ya matundu, bomba linalovuja. Kama kuna vigae vya zamani vya plastiki au gundi nyeusi juu ya mbao, msivikwangue. Asibesto ilipigwa marufuku hapa mwaka 1999, na vya kabla ya hapo vinaweza kuwa nayo, kwa hiyo kipande kipelekwe maabara. Angalieni pia mabomba ya gesi na nyaya zilizopita uvunguni, zisije zikazikwa au kubanwa na insulesheni. Boriti ikiwa imeoza, imepasuka, au sakafu inabonyea, muiteni mhandisi wa majengo aje mwenyewe, msikubali kuelezwa kwa simu.

Kisha wapigieni idara ya udhibiti wa ujenzi ya halmashauri. Hapa England, ukitengeneza upya nusu au zaidi ya sakafu, kanuni zinakutaka uiongezee kizuizi cha joto, na lengo la kawaida ni thamani ya U (kipimo cha joto linalopenya, kadiri kilivyo kidogo ndivyo bora) ya 0.25. Fundi aliyekuambia insulesheni haina haja alikuwa anakupeleka pia kwenye matatizo na halmashauri siku mtakapotaka kuuza nyumba. Waulizeni pamoja na hilo kuhusu matundu. Mwongozo wa sakafu mpya za aina hii ni milimita za mraba 500 za nafasi ya hewa kwa kila mita ya mraba ya sakafu, au 1,500 kwa kila mita ya ukuta wa nje, lolote lililo kubwa. Kwenu ni kama 9,000. Matofali ya udongo ya zamani hupitisha hewa kidogo kuliko yale ya plastiki ya siku hizi, na huenda mkashauriwa kubadilisha mawili au matatu.

Siku mabomba yatakapokuwa yamelazwa, kabla ubao wa kwanza haujarudi, simama mlangoni uone kipimo cha shinikizo. Mafundi wengi hupima kwa baa 6, na mshale usishuke. Piga picha kila nafasi kati ya boriti, ukiwa umelaza futi ya kupimia ionekane pichani, na uandike umbali wa kila bomba kutoka ukutani. Shinikizo liachwe ndani ya mabomba wakati mbao zinapigiliwa, kwani msumari ukilipata bomba mtaujua muda huohuo, na mtajua ni msumari upi.